Mwaka wa Kwanza wa Ubaba na Bao Lililoachwa: Somo kutoka Masasi na Newala

Katika kliniki ya mama na mtoto, kadi hujazwa uzito wa mtoto, chanjo alizopata na hali ya mama. Baba, akiwapo, kwa kawaida huulizwa jina na namba ya simu. Makala haya yanahusu swali jingine ambalo mhudumu wa afya anaweza kumuuliza kwa nusu dakika tu: siku hizi anafanya nini kinachomfurahisha? Swali hilo laweza kuonekana la porojo. Kitabibu lina uzito, kwa kuwa kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza mtu ni mojawapo ya dalili kuu mbili za sonona. Dalili ya pili ni huzuni inayodumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi.

Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya mafunzo. Mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Masasi kwenye milima ya mawe, ameoa Newala na kupanda kwenda kuishi juu ya uwanda wa Makonde, karibu na wakwe zake. Jioni hucheza bao chini ya mwembe, na Jumamosi hucheza mpira na walimu wenzake. Mtoto wake wa kwanza anazaliwa mwishoni mwa Septemba, korosho zikianza kuanguka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa baba mwajiriwa likizo ya malipo isiyopungua siku 3, ichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama hupewa siku 84. Siku tatu zinatosha kumrudisha mzazi nyumbani na kuwapokea wageni. Hazitoshi kujifunza namna ya kumbeba mtoto anayelia usiku. Siku ya nne mwalimu yuko darasani, na nyumbani mama mkwe ndiye anayemwogesha mjukuu.

Hapo mila nayo ina neno lake. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto kwa asili huhesabiwa katika ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Mkwe aliyehamia ukweni huonyesha mapenzi kwa kazi kuliko kwa maneno. Mwalimu huyu alifanya kazi. Aliokota korosho na kuzipeleka ghalani. Alibeba maji kwa baiskeli pia, kwani udongo wa kichanga wa uwanda huu hunywesha mvua chini kabisa na chemchemi hutokea mabondeni. Mabomba yakikauka, mzazi aliyejifungua hawezi kusubiri. Kila mtu alimsifu, na hakuna aliyemuuliza hali yake.

Kufikia Januari alikuwa ameacha bao na mpira. Majirani walisema ametulia, sasa amekuwa baba. Sifa hiyo ndiyo iliyoficha ugonjwa. Alikuwa halali hata mtoto anapolala, chakula hakina ladha, hasira zake kwa wanafunzi ziko karibu. Akitoka shuleni alipitia penye uraka wa mabibo, na baadaye nipa. Wanaume wengi wenye sonona hawalii wala hawasemi kwamba wana huzuni. Hugomba, hunywa, au hujitenga kwa kisingizio cha kazi.

Mwaka 2010 Paulson na Bazemore walichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti 43. Takriban baba mmoja kati ya kumi alikuwa na dalili za sonona katika kipindi cha kuanzia ujauzito hadi mtoto kutimiza mwaka, na kiwango kilikuwa kikubwa zaidi kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya kuzaliwa. Nyingi ya tafiti hizo zilifanyika nje ya Afrika, kwa hiyo tarakimu zake zisihamishiwe Newala kama zilivyo. Hata hivyo, zinaonyesha wakati wa kuangalia. Zinaonyesha pia kwamba sonona ya baba na ya mama huelekea kufuatana. Akiugua mmoja, mwingine achunguzwe.

Mwili nao hubadilika. Nchini Ufilipino, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia vijana 624 na kuona homoni ya testosteroni ikipungua kwa waliopata watoto, hasa waliowalea kwa saa nyingi. Hapa Tanzania, utafiti wa mwaka 2009 ulilinganisha Wahadza na Wadatoga. Baba wa Kihadza, ambao hushika na kulea watoto wao wachanga, walikuwa na kiwango cha chini kuliko wanaume wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako baba hushiriki kidogo katika malezi hayo, tofauti hiyo haikuonekana. Yaelekea ulezi ndio unaoambatana na badiliko hilo, si kuzaa peke yake. Badiliko hilo si ugonjwa, na mwanaume asitishwe nalo.

Turudi kwa mwalimu. Chanjo ya wiki ya 14 iliangukia mwanzoni mwa Januari, naye akamsindikiza mkewe.

"Baba, siku hizi unacheza bao?" muuguzi aliuliza.

"Nimeacha, sista. Kazi nyingi."

"Ukipata nafasi jioni ya leo, ungependa kwenda?"

Alikaa kimya, kisha akasema hata akipewa siku nzima asingekwenda.

Jibu la pili ndilo lenye habari. Anayeacha mchezo kwa kukosa muda bado huutamani. Mwenye sonona hautamani hata akipewa muda. Baada ya jibu kama hilo mhudumu aulize kuhusu usingizi, pombe na huzuni, kisha aulize wazi kama mtu huyo amewahi kufikiria kufa au kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akikiri, asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo katika hospitali ya wilaya Newala, au Mkomaindo au Ndanda kwa walio upande wa Masasi.

Sonona isiyo kali hutibika kwa ushauri nasaha, kupunguza pombe, na kurejesha shughuli kwa ratiba. Mgonjwa hasubiri hamu ije ndipo acheze. Hucheza kwanza, na hamu hufuata polepole. Bao linafaa sana: mashimo 32, kete 64, mpinzani usoni na watazamaji wasionyamaza. Mwalimu alipangiwa jioni mbili kwa wiki. Wiki za mwanzo alifungwa bila kujali. Kufikia Aprili alikuwa akibishania namna ya kunamua.

Jioni hizo mbili mtu alizilipia. Mkewe, aliyekuwa akisuka mikeka ya ukindu kabla ya ujauzito, naye alipewa saa zake, baba akibaki na mtoto. Bila hivyo tiba ya mmoja ingekuwa mzigo kwa mwingine. Pengine saa hizo zilimfaa baba kuliko bao, kwa kuwa ndipo alipojifunza kumbembeleza mwanawe.

Msimu wa kupulizia mikorosho ulipofika, alishauriwa kuoga na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto, na kutoweka salfa ndani ya nyumba, kwani unga wake huwasha macho na njia ya hewa. Mwezi wa tisa, siku ya chanjo ya surua na rubella, muuguzi alimuuliza tena kuhusu bao. Mwalimu alisema sasa huenda na mtoto, naye anatambaa hadi kwenye ubao. Muuguzi alimweleza kuwa kete moja inatosha kuziba koo la mtoto wa umri huo. Tangu hapo mchezo ukiisha kete huhesabiwa, na hakuna anayeinuka kabla hazijatimia 64.