Kikohozi cha Shamba la Zabibu

Mkoa wa Dodoma unajulikana sana kwa kilimo cha zabibu. Ukifika Hombolo, Mpunguzi au Makutupora utaiona mizabibu mingi. Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mkulima hapati muda mrefu wa kukaa mbali na shamba. Akimaliza kuvuna, anapogoa. Akimaliza kupogoa, anapiga dawa.

Tuseme mama mmoja amefanya kazi hii kwa miaka minne. Miaka mitatu ya kwanza hakuona shida. Mwaka wa nne anaanza kupiga chafya kila anapopogoa. Macho yanawasha na kutoa machozi. Usiku anakohoa, na kifua kinalia kama filimbi. Jirani yake anafanya kazi katika mstari ule ule, lakini hana hata mafua. Watu wanaanza kunong'ona. Wengine wanasema amerogwa. Wengine wanasema ni kifua kikuu, na hawataki kula naye.

Huenda mama huyu ana mzio.

Mzio ni nini? Mwili wako una ulinzi wake. Ulinzi huo hupigana na vijidudu vya magonjwa. Lakini mara nyingine hukosea. Hukutana na kitu kisicho adui, kama vumbi, ukakipiga vita. Vita hivyo ndivyo vinavyoleta chafya, kuwashwa na kubanwa kifua. Mwili huchukua muda kukizoea kitu hicho kuwa adui, wakati mwingine miaka. Tena si mwili wa kila mtu unaokosea hivyo. Ndiyo sababu jirani yake ni mzima. Hapa hapana uchawi.

Shambani

Geuza jani la mzabibu, utazame upande wa chini. Pengine utaona utando mwembamba na vidudu vidogo kama ncha ya sindano. Hao ni utitiri wa mimea. Si wale wa kuku, ingawa ni ndugu zao. Unapotikisa majani, vumbi la utitiri huingia puani. Mwaka 2007 wataalamu wa Afrika ya Kusini walitoa habari za wafanyakazi wa mashamba ya zabibu waliowapima. Kama mmoja kati ya watano alikuwa na mzio wa utitiri huo. Jambo la kushangaza ni hili: kupiga dawa ovyo kunaweza kuwaongeza. Dawa huua wadudu wema wanaowala utitiri.

Salfa nayo, ile dawa ya ubwiri unga, huwasha macho na ngozi. Dawa nyingine huleta mzio wa ngozi: mikono inapasuka, inavimba na kuwasha.

Wakati wa mavuno wapo nyuki. Mtu akiumwa na nyuki, kisha midomo au ulimi ukavimba, au akashindwa kupumua, asingoje. Apelekwe hospitali saa ile ile, maana anaweza kufa.

Kiwandani

Katika kiwanda cha mvinyo hutumika unga mweupe wa kuzuia mvinyo usiharibike. Unga huo hutoa hewa kali, yenye harufu kama ya kiberiti kilichowashwa. Mwenye pumu akiivuta hubanwa kifua mara moja. Kitambaa cha puani hupunguza vumbi, lakini hakizuii hewa hiyo. Ukungu wa kwenye kuta na mapipa nao huleta mzio.

Liko jambo moja ambalo si mzio, lakini lazima tuliseme. Juisi ya zabibu inapochacha hutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ni nzito, hukaa chini ya tangi, wala haina rangi. Mtu akiingia humo huweza kuzimia na kufa. Anayemfuata kumwokoa bila kifaa cha kupumulia naye hufa.

Jichunguze

Utajuaje kama kazi ndiyo inayokuumiza? Hesabu siku. Je, unakohoa zaidi siku za kupogoa? Je, ukisafiri wiki mbili unapata nafuu? Je, ukirudi shambani kikohozi kinarudi? Andika majibu katika daftari lako. Kumbe kusoma na kuandika kuna kazi hata hapa!

Lichukue daftari hilo uende zahanati. Mweleze mganga unafanya kazi gani, maana asipojua atakupa dawa ya mafua tu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi lazima kipimwe kifua kikuu pia. Usikawie. Pumu ya kazini ikiachwa miaka mingi inaweza kubaki hata ukiacha kazi.

Vaa mikono mirefu na glavu. Usiingie shambani mara tu baada ya kupiga dawa. Oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Mwenye shamba lake mwenyewe atanunua kwa fedha yake, na glavu ni bei ndogo kuliko pumu.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mama yule hakuugua mwaka wa kwanza?
2. Kwa nini jirani yake haugui?
3. Katika kijiji chetu, ni kazi zipi zinazowakohoza watu? Huwakohoza miezi gani?