GARI LINALOZIMA MLIMANI: UGONJWA NI MOTO AU NI PETROLI?

Makala haya hayahusu ngeli wala isimu. Yanahusu gari kuukuu ambalo leo huvuta kama trekta, kesho likapoteza nguvu na kuzima katikati ya barabara, kisha baada ya robo saa likawaka tena kama kwamba hakuna lililotokea. Hapa Eldoret magari ya aina hiyo tumeyaona sana, hasa pikapu za Peugeot 504. Tusizicheke. Gari la 504 lilishinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, na likashinda tena mwaka 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu husingizia ni mlima. Ni kweli mji wetu uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama asilimia 78 tu ya ile ya Mombasa. Injini ya kabureta hupungukiwa na karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Lakini hewa hiyo ni nyembamba asubuhi na jioni, Jumatatu hadi Jumapili. Kitu kilichopo kila siku hakiwezi peke yake kueleza hitilafu inayokuja Jumanne na kukosekana Jumatano. Basi tutafute kinachobadilika.

Sikiliza vile gari linavyozima. Likikatika ghafla, kama mtu aliyezungusha ufunguo, shuku moto, yaani umeme wa plagi. Likianza kukohoa, likavutavuta, ukakanyaga mafuta na lisiitike, halafu likafa polepole, shuku petroli. Si kanuni ya Msahafu, lakini hukuonyesha pa kuanzia.

Kupima moto kuna wakati wake: pale pale gari limezima. Ukingoja hadi ufike gereji, ugonjwa umeshapona na fundi atabaki kukisia. Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke plagi nyingine nzima, uilaze juu ya chuma cha injini, mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono mtupu, na usifanye hivyo kama umemwaga petroli au umefungua paipu yake. Cheche ya buluu inayolia "ta! ta!" ni nzuri. Ikikosekana, au ikiwa nyekundu na dhaifu, angalia koili, kondensa na platini. Koili iliyochakaa ina tabia ya ajabu: ikipata joto, waya mwembamba uliopasuka ndani yake huachana, ikipoa hugusana tena. Ndiyo maana gari hupona likipumzishwa.

Lakini gari lenye shida ya petroli nalo hupona likipumzishwa! Hapo ndipo watu wengi hupotea. Uchafu wa tangi huvutwa hadi kwenye chujio, injini ikizima hurudi chini. Petroli nayo huweza kuchemka ndani ya paipu iliyo karibu na injini, tena upesi zaidi huku juu, kwa sababu ile ile inayofanya maji yetu yachemke kwenye digrii 93 hivi badala ya 100. Asubuhi yenye baridi na ukungu, kama kule Timboroa, hata barafu huweza kuganda ndani ya kabureta, kisha joto la injini likaiyeyusha. Halafu kuna mfuniko wa tangi, ambao hakuna anayeushuku.

Nieleze yaliyotupata nyumbani. Baba huleta kabeji kutoka Timboroa kwa pikapu ya 504. Gari lilikuwa likizima baada ya kupita Burnt Forest. Tukanunua plagi, koili na pampu ya petroli, na bado likazima. Fundi wa tatu akasema, "Mzee, hii injini imechoka. Lazima ifunguliwe." Bei aliyotaja ilikuwa kubwa kuliko karo yangu ya muhula, na baba akanyamaza tu. Mimi sikutaka kukaa nyumbani muhula mzima. Nikatwaa daftari kuukuu, kila jioni nikamwuliza: Limezima wapi? Mvua ilikuwepo? Tangi lilikuwa na kiasi gani? Kwa safari tisa lilizima mara nne, na zote nne ni siku alizojaza tangi hadi mdomoni. Siku za nusu tangi, hakuna neno.

Sheria ya Boyle ndiyo iliyonipa jibu. Chukua tangi lililojaa, limebaki na nafasi ya lita 4 za hewa. Gari likinywa lita 4, hewa ile hutanuka mara mbili, na kama tundu la mfuniko limeziba, kanieneo yake hushuka karibu nusu. Pampu huvuta, tangi nalo huvuta upande wake. Sasa chukua tangi lenye lita 30 za hewa. Ukitumia lita hizo hizo 4, hewa imekuwa lita 34, na kanieneo imepungua kidogo tu, kama sehemu moja kwa nane. Kwa hiyo tangi kubwa tupu halisumbui, tangi lililojaa ndilo linalokaba.

Jumamosi nikapanda naye. Likaanza kukohoa mahali pale pale, likazima. Cheche zilikuwa buluu. Nikaenda nyuma nikalegeza mfuniko: fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu, na gari likawaka kwa stata ya kwanza. Tundu lilikuwa limezibwa na vumbi na grisi, likipitisha hewa kidogo kidogo, ndiyo sababu lilihitaji robo saa. Tuliuosha mfuniko kwa mafuta ya taa na kuzibua tundu kwa pini. Usitoboe shimo kubwa, maana petroli itamwagika barabarani kwenye kona, na moto utakaoupata hapo si ule wa plagi.

Injini haijafunguliwa hadi leo. Koili ya zamani tuliipima, ni nzima kabisa, na baba ameihifadhi chini ya kiti.