Jua Haki Zako: Mwanafunzi Ughaibuni na Saa za Kazi

Kibirizi na Katonga, hapa Kigoma, dagaa na mawese vimesomesha watoto wengi. Mtoto akipata nafasi ya chuo nje ya nchi, mzazi huambiwa na wakala: lipa ada ya mwanzo tu, akifika atafanya kazi ajilipie. Kiwanja kinauzwa kwa neno hilo. Lakini ruhusa ya kufanya kazi haitoki kwa wakala. Inatokana na masharti ya viza, na kila nchi ina yake.

Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo, tangu Novemba 2024. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili. Ujerumani huhesabu siku: 140 nzima, au 280 za nusu siku, kwa mwaka. Marekani, mwenye viza ya F-1 hufanya kazi ndani ya chuo tu katika mwaka wake wa kwanza, si zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea.

Kwa anayekwenda India au China, hesabu ni nyingine kabisa. Viza ya masomo ya India si ruhusa ya kuajiriwa. China, kazi bila idhini ya chuo na ya mamlaka ya uhamiaji ni kosa lenye faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na likiwa zito, mahabusu siku 5 hadi 15.

Wengi hunaswa kwenye kuhesabu. Uingereza, wiki huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, na saa za waajiri wote hujumlishwa. Aliyeosha vyombo hotelini saa 12, kisha akahudumia wazee saa 10, amevuka kikomo. Kujiajiri nako ni marufuku: binti wa Ujiji anayeuzia wenzake vitenge kwa faida, au kijana anayesambaza chakula kwa baiskeli kama mtu aliyejiajiri, anahatarisha viza yake na shahada anayoifuatia.

Lakini sheria humlinda mwanafunzi pia. Kima cha chini cha mshahara cha Uingereza humhusu mwanafunzi kama mfanyakazi mwingine. Akipunjwa, shirika la umma la Acas humshauri bure. Australia, malalamiko ya mishahara hupelekwa kwa Fair Work Ombudsman. Mwajiri hana haki ya kumshikia pasipoti.

Huku nyumbani Tanzania, kumsafirisha mtu kwa udanganyifu ili atumikishwe kwa nguvu ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, hata kama aliahidiwa chuo.

Kanuni ya ruhusa ya kazi inawagusa wageni wetu pia: Mrundi au Mkongo anayesoma Kigoma haajiriwi bila kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015.

Mzazi, kabla hujauza kiwanja, mtake wakala akuonyeshe masharti ya viza kwa maandishi, kisha yahakiki katika tovuti ya uhamiaji ya nchi husika au ubalozini. Kihakiki chuo kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ada ya mwaka mzima iwe mkononi bila kutegemea mshahara ambao mwanao hajaupata.