Kiuu kwa Kipimo Gani?

Tarehe 30 Septemba 2014, Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya lilitangaza kwamba uchumi wa nchi ulikuwa mkubwa kwa takriban robo kuliko ilivyodhaniwa. Kwa takwimu hizo Kenya ikahesabiwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati, daraja la chini. Siku hiyo mama mboga wa Githurai 45 hakuuza sukuma wiki zaidi ya siku iliyotangulia. Kilichobadilika ni mwaka wa msingi wa hesabu, uliosogezwa kutoka 2001 hadi 2009, pamoja na shughuli ambazo sasa zilihesabiwa vizuri zaidi.

Basi tuulize polepole: tutajuaje kwamba wadi ya Kiuu, hapa Githurai mjini Ruiru, imeendelea? Jibu la swali hili limebadilika mara kadhaa ndani ya miaka 80, na kila lilipobadilika, fedha zilielekezwa kwingine.

Jibu la kwanza lilikuwa uzalishaji. Chukua fundi wa nguo mwenye kibanda karibu na soko la Githurai. Ana cherehani moja na mikono yake imefika kikomo. Akitaka kushona zaidi, sharti apate cherehani ya pili. Tuseme hiyo ya pili ni shilingi 20,000 na itamwongezea shilingi 5,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kila shilingi nne za mtaji huzaa shilingi moja ya pato la mwaka. Ipeleke hesabu hiyo kwa nchi nzima. Nchi inayoweka akiba asilimia 12 ya pato lake na kuigeuza mtaji itakua kwa 12 gawanya kwa 4, yaani asilimia 3. Ila kama watu nao wanaongezeka kwa asilimia 3, mgao wa kila mmoja unabaki palepale.

Hesabu hii ilitokana na kazi za wanauchumi Roy Harrod na Evsey Domar, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa hoja kuu ya misaada. Akiba ya ndani ikipungua, pengo lizibwe kwa fedha za nje. Rais Harry Truman wa Marekani alikuwa ameshaahidi, Januari 1949, kuzisaidia nchi alizoziona kuwa nyuma. Kenya huru nayo ikaandika Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika, chini ya wizara ya mipango ya Tom Mboya. Waraka ulishauri fedha ziwekezwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, uchukuzi na umeme. Thika, iliyokuwa na reli tangu 1913, ilikuwa na sifa hizo. Turkana haikuwa nazo. Ukipima jumla peke yake, uamuzi huo ni wa busara kabisa. Ndiyo hatari ya kupima jumla peke yake.

Mwanauchumi W. Arthur Lewis alikuwa ameeleza mwaka 1954 jinsi wafanyakazi wa ziada mashambani wangehamia viwandani. Watu walihama kweli. Viwanda havikuwatosha. Mashamba ya maeneo kama Githurai yakakatwa ploti, na waliokosa ajira ya kiwandani wakafungua vibanda. Mwaka 1972, ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulioongozwa na Hans Singer na Richard Jolly ulitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosomwa dunia nzima. Ulitazama seremala, fundi bati na mchuuzi, watu ambao askari wa baraza la mji waliwaona kero, ukasema hawa wanazalisha, tena kwa gharama ndogo. Tatizo la wengi wao halikuwa kukosa kazi. Walifanya kazi kutwa na bado wakabaki maskini. Mwaka uliofuata, Septemba, Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, alisimama Nairobi kwenye mkutano mkuu wa benki yake akakiri kwamba ukuaji ulikuwa haujawafikia maskini wa chini kabisa. Kwa maoni yangu, miaka hiyo miwili iliifundisha dunia mengi zaidi kuhusu umaskini kuliko miaka 20 iliyotangulia, na darasa lilikuwa Kenya.

Somo halikudumu. Mafuta yalipanda bei na madeni yakaongezeka. Kuanzia 1980 Kenya ikapokea mikopo ya marekebisho ya uchumi yenye masharti: punguza matumizi ya serikali, ondoa udhibiti wa bei, fungua soko. Kipimo sasa kilikuwa mizania ya serikali. Desemba 1989 wagonjwa wakaanza kutozwa ada katika hospitali za umma. Mahudhurio yalishuka, na ada ya wagonjwa wasiolazwa ikasimamishwa 1990 kabla ya kurudishwa kwa awamu. Mizania haina safu ya mgonjwa aliyebaki nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1990, Mahbub ul Haq, mwanauchumi Mpakistani aliyefanya kazi Umoja wa Mataifa, akishirikiana na Amartya Sen wa India, alileta kipimo kilichounganisha umri wa kuishi, elimu na kipato. Sen aliuliza swali la msingi zaidi: mtu anaweza kufanya nini na kuwa nani?

Bado kulikuwa na shaka: tunajuaje kwamba mradi fulani ndio ulioleta mabadiliko? Shule ikipewa vitabu na alama zikapanda, huenda zingepanda hata bila vitabu. Dawa yake ni kupiga kura ya bahati nasibu: kati ya shule zinazofanana, baadhi zipate mapema, nyingine zingoje, kisha ulinganishe. Mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walifanya hivyo Busia miaka ya 1990. Vitabu vya bure havikuinua wastani wa alama. Vilisaidia wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri, kwani vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi. Dawa ya minyoo, kwa upande wake, ilipunguza utoro kwa takriban robo. Mwaka 2019 Kremer, Abhijit Banerjee na Esther Duflo wakapewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi kwa majaribio ya aina hii.

Lakini huwezi kuipigia kura barabara kuu. Barabara ya Thika, iliyojengwa kwa fedha za serikali, Benki ya Maendeleo ya Afrika na mkopo wa China, ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Ni moja tu, haina ya kulinganishwa nayo. Baada ya nusu karne, saruji na lami zilirudi kuwa jibu, nasi tukarudi kwa hesabu ya cherehani.

Sasa itumie hesabu hiyo hapa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ya 2019 ikahesabu 490,120, zaidi ya Eldoret na Kisumu. Ukigawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji, unapata takriban miaka ambayo kitu huchukua kuongezeka maradufu. Ruiru iliongezeka maradufu kwa miaka 10, yaani karibu asilimia 7 kwa mwaka. Bomba la maji, mtaro wa maji taka na kitanda cha wodi ya uzazi visipoongezeka kwa kasi hiyohiyo, kila mkazi anapata kidogo kuliko jana, hata kama kila mwaka kuna utepe unaokatwa.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mipango ya kaunti. Ukiitwa kwenye kikao cha wadi, usiridhike na orodha ya miradi iliyokamilika. Omba kila tarakimu igawanywe kwa idadi ya watu, kisha uliza maji ya bomba yalitoka siku ngapi kwa wiki mwaka huu, na ngapi mwaka jana.