Kufundisha Uwezo wa Kuvuta: Maksai, Trekta na Tela

Mwanachuo mmoja alipokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Tumati, wilayani Mbulu, aliandika ubaoni kwamba tela la trekta lina uwezo wa tani 3. Mtoto wa darasa la sita akanyoosha mkono: "Mwalimu, likipanda au likishuka?" Mwanachuo akajibu kwamba tani 3 ni tani 3, akaendelea na somo. Nasi tulioketi nyuma kumkagua hatukuandika lolote juu ya jibu hilo. Twaandika sasa, kwa kuwa swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe.

Kubeba si kuvuta. Tani zilizoandikwa kwenye tela zaeleza mzigo ambao ekseli na matairi yake yaweza kuuhimili. Hazielezi kama chombo kilicho mbele kitaweza kuuvuta mzigo huo, wala kama kitaweza kuuzuia.

Yafaa kuanza na maksai, kwa sababu watoto wanawafahamu. Maksai huweza kuvuta kwa saa nyingi kwa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Basi maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja watavuta, bila kuchoka upesi, kwa nguvu ya kuinua kilo 60. Tuseme gari lao pamoja na mzigo ni kilo 800, na njia ngumu ya tambarare yadai sehemu moja ya ishirini, yaani kilo 40. Wataenda vizuri. Lakini wakifika penye mpando wa mita 1 kwa kila mita 10 za njia, huongezeka sehemu moja ya kumi ya uzito wote, kilo 80. Jumla ni 120, mara mbili ya uwezo wao. Watajikaza kwa hatua chache, kisha watasimama. Mzigo haukuongezeka hata punje moja.

Usiwaambie wanafunzi hayo, wayapime. Watoto hujiundia magari ya magurudumu ya ndara zilizochakaa. Chukua gari moja, litie mawe hata litimize kilo 2, ulivute kwa mizani ya springi juu ya ubao wa mita 1. Wasome mizani ubao ukiwa umelala, kisha ncha moja ikiinuliwa sentimita 10, halafu 20. Kila mwinuko utaongeza gramu 200 hivi. Mwaga mchanga ubaoni, warudie. Kama shule haina mizani, mpira wa baiskeli uliokatwa mwembamba watosha: wapime urefu unaovutika.

Kuhusu uzito, jihadhari na hesabu ya magunia. Gunia la mahindi huhesabiwa kilo 100, lakini lumbesa yapita hapo, na mwenye tela huhesabu magunia tu. Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200 bila kulihesabu pipa lenyewe. Watoto 12 wa kilo 30 waliopanda juu ya magunia ni kilo 360 zaidi, tena zimekaa juu, mahali pa kulipindua tela penye kona. Hesabu hii ifanywe darasani bila haraka, maana wanafunzi wetu ndio wapandao.

Mteremko ndio sehemu ambayo vitabu vingi huipita. Fungeni magari mawili kwa kijiti, jepesi mbele, zito nyuma, myaachie ubaoni. Zito litalisukuma jepesi na kulipinda ubavuni. Ndivyo afanyavyo tela lisilo na breki kwa trekta, hasa udongo ukilowa na matairi ya trekta kuteleza. Kwa hiyo dereva huchagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Akishaliachia liende frii, breki za trekta peke yake zitabeba kazi ya vyombo viwili.

Mtoto yule angejibiwa hivi: likipanda, tani 3 huenda zikalishinda trekta, likishuka, tani hizo hizo huenda zikaliendesha.