Alama Yako ya Mikopo: Nini Huipandisha, Nini Huishusha?

Leo tujifunze jambo ambalo wengi hulijua siku mambo yameshaharibika. Kijana anaomba mkopo wa kununua pikipiki ya kazi. Ana kibarua, ana akiba kidogo, halafu anaambiwa jina lake liko CRB. Kuchunguza, kumbe ni mkopo wa simu wa shilingi 1,500 aliochukua akiwa chuoni, akabadilisha laini, akasahau.

CRB ni nini? Ni mashirika ya marejeleo ya mikopo. Hapa Kenya tunayo kama TransUnion, Metropol na Creditinfo, yote yenye leseni ya Benki Kuu. Benki na wakopeshaji wengine hupeleka huko taarifa za jinsi unavyolipa. Kutokana nazo unapewa alama. Za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900. Ikiwa juu, unaaminika zaidi.

Elewa hivi: alama haipimi utajiri. Mwenye mshahara mnono anayechelewa kulipa anaweza kupitwa na mama mboga anayelipa kwa tarehe. Kinachoangaliwa ni kama ulitimiza ulichoahidi.

Mambo yanayoigusa:

1. Kulipa kwa wakati. Hili lina uzito kuliko yote. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mbaya. Mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako. Ukiona ujumbe huo, usiufute. Piga simu, mpange namna ya kulipa.

2. Wingi wa madeni. Kukopa apu moja ili ulipe nyingine ni kuhamisha shimo, si kulifukia.

3. Maombi mengi kwa muda mfupi. Ukiomba huku na kule wiki moja, mkopeshaji anaona mtu aliyebanwa.

4. Urefu wa historia. Asiyewahi kukopa hana doa, ila hana rekodi pia. Lakini usikope ili tu uonekane.

5. Mkopo wa HELB. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukinyamaza, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, na jina linaweza kufika CRB. Kama bado hujapata kazi, waeleze mapema.

Na kumdhamini rafiki? Ujue umeahidi pamoja naye. Asipolipa, mkopeshaji anaweza kukugeukia wewe.

Je, nikilipa doa linafutika? Si papo hapo. Rekodi itaonyesha umelipa, ila taarifa kwamba ulishindwa hubaki miaka 5 tangu siku uliyomaliza deni. Ndiyo maana dawa ya deni ni kulipa, na kulipa mapema. Pia una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Ukikuta deni usilolijua, au ulilokwisha kulipa bado linasomeka, lalamika kwa CRB yenyewe ukiwa na risiti mkononi.

Mtu atauliza, sasa haya ya benki yanatuhusu nini sisi vijana wa Kanisa? Tangu 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi CRB. Je, basi tusilipe? Hapana. Kurudisha cha mtu ni suala la amri ya saba, na amri hiyo haina kiwango cha chini.

Kazi ya wiki hii: omba ripoti yako. Kisha chukua karatasi, andika kila deni ulilo nalo na tarehe ya kulilipa, ukianza na lililochelewa zaidi. Usimwache nje rafiki aliyekukopesha nauli mwezi uliopita. Deni hilo CRB hailioni, lakini yeye analikumbuka.