Dawa ya Tezi Unameza, Uchovu Hauishi

Kidonge cha levothairoksini kina kazi moja tu: kufidia homoni ambayo tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koromeo, imeshindwa kuitengeneza. Kikifanya kazi yake, baridi isiyo na sababu huondoka, choo hulainika, uso hupungua uvimbe na usingizi wa mchana huisha. Lakini wapo wanaokimeza kila siku na bado wanaamka wamechoka kama waliopiga makasia usiku kucha. Wengine hukata tamaa wakaacha dawa. Kabla ya kufika huko, kuna mambo ya kukagua nyumbani.

La kwanza ni chai. Chukua mfano wa mama mjamzito wa Jibondo, kisiwa kidogo cha Mafia. Ameamka alfajiri, chai ya maziwa iko mezani na muhogo wa kuchemsha pembeni. Anameza kidonge cha tezi kwa funda la chai, kisha papo hapo anafuatisha kidonge cha kuongeza damu alichopewa kliniki. Hajakosa siku hata moja, na bado sehemu kubwa ya dawa inapotea: madini ya chuma huishika tumboni isiingie mwilini, na maziwa nayo hupunguza kiasi kinachofyonzwa.

Kidonge cha tezi humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia vingoje muda wa saa nne baada ya hapo. Mwezi wa Ramadhani si kikwazo: aliyeruhusiwa kufunga anaweza kukimeza wakati wa kulala, muda wa saa tatu au zaidi baada ya kula, au aamke nusu saa kabla ya daku. Muhimu ni kushika wakati mmoja.

Dawa hii haipendi joto wala unyevu, na Mafia ina vyote viwili. Ikae kwenye pakiti yake, mahali pakavu penye ubaridi, mbali na jiko na dirisha linalopigwa na jua. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka, safari ya boti kwenda Nyamisati, upande wa bara, huahirika. Pakiti ya akiba iwepo mapema.

Dozi ikibadilishwa, matokeo hayaonekani kesho. Kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi, hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa homoni ya kidonge hujijenga mwilini polepole. TSH ikiwa juu, ubongo bado unaidai tezi homoni zaidi. Wanaotumia vidonge vya kukuza nywele na kucha wamwambie daktari, maana bayotini iliyomo huweza kuyapotosha majibu ya maabara.

Je, TSH ikiwa sawa na uchovu upo palepale? Hapo tezi isibebeshwe lawama zote. Upungufu wa damu huleta uchovu uleule, na pwani sababu zake hazikosekani: malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito, mimba zinazofuatana. Tena tezi yenyewe huhitaji chuma ili itengeneze homoni. Vitamini B12 nayo huweza kupungua, hasa kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili ndiyo inayoishambulia tezi, au anayetumia metfomini kwa sababu ya kisukari. Kwa hiyo anayevuka kwenda kupima Dar es Salaam aombe wingi wa damu, akiba ya chuma na B12 viangaliwe katika safari hiyohiyo.

Upande wa chakula, kuna imani moja iliyokwishakanushwa jirani tu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa visiwani hakuna upungufu wa madini joto kwa sababu watu wanakula samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ukakuta karibu theluthi moja ya watoto wa shule waliopimwa Pemba wana rovu, huku chumvi yenye madini joto ikipatikana katika asilimia 1 tu ya kaya. Chumvi ya kununua iwe ile iliyoongezwa madini joto, itunzwe kwenye chombo chenye mfuniko na itiwe kwenye chakula kikikaribia kuiva. Kuongeza chumvi nyingi hakuponyi tezi iliyokwisha kuharibika, na shinikizo la damu halina haja ya kualikwa.

Mwani je? Unaolimwa ni riziki nzuri, lakini unga au vidonge vyake visigeuzwe dawa ya tezi: madini joto yakizidi, tezi huweza kulala zaidi. Muhogo nao haujapigwa marufuku. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti waliuhusisha na rovu pale ambapo madini joto yalikuwa haba. Muhogo mchungu ulowekwe vizuri na ukaushwe, mboga na dagaa visikosekane.

Moyo ukidunda mbio au mikono ikitetemeka, huenda dozi imezidi. Rudi kwa daktari, usijipunguzie mwenyewe. Na mwanamke anayetumia dawa hii akihisi ana mimba aende zahanati wiki hiyohiyo, asisubiri tumbo lionekane. Mara nyingi dozi huhitaji kupandishwa, kwa sababu miezi mitatu ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama yake.